Kura za maoni hazimchagui rais

Kila uchaguzi unapokaribia Kenya, utasikia mtu akisema: "Mambo yameshaamuliwa, kura za maoni zimesema." Si kweli. Mapema Agosti 2022, kura ya maoni ya kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41. Tarehe 15 Agosti, tume ya uchaguzi ilimtangaza Ruto mshindi, kwa tofauti ya kura 233,211.

Utafiti huhoji watu elfu kadhaa, wengi kwa simu, kuhusu wanachokusudia kufanya. Atakayebaki nyumbani hujibu sawa na atakayepanga foleni alfajiri, na ambaye hajaamua hahesabiwi upande wowote. Mwaka huo walioandikishwa walikuwa takriban milioni 22.1, na karibu milioni 8 hawakupiga. Linganisha na hizo 233,211.

Kutopiga kura nako si uvivu tu, ingawa wanasiasa hupenda kusema hivyo. Mkazi wa mtaa wa Nairobi huenda akafika kituoni kwa dakika chache. Mfugaji wa Turkana au Marsabit anaweza kutembea saa nzima na zaidi, na mifugo ina ratiba yake. Mwaka 2022, Wakenya wa ughaibuni walipewa vituo katika nchi 12 pekee. Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwamo. Saudi Arabia, wanakofanya kazi maelfu ya Wakenya, haikuwamo. Mkenya aliyeko huko, hata akiulizwa maoni yake kwa simu, sanduku la kutia kura yake hakuwa nalo.

Aliye karibu na kituo ajue hili: vituo hufungwa saa 11 jioni, lakini aliyekwisha kuwa foleni huruhusiwa kupiga.