Nodi ni fundo, si mvuvi

Kwa mara ya tatu tangu mwaka uanze nimeoneshwa, kwenye simu ya fundi mmoja karibu na stendi ya Mtwara, ramani ya dunia yenye nukta za nodi za Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, na kwa mara ya tatu nimeelezwa kwamba nukta hizo ndiyo idadi ya "watu wa Bitcoin", na kwamba kwa kuwa huku kusini haionekani hata moja, basi Mtwara na Lindi hakuna anayeigusa. Fundi mwenyewe anayo, tena kwenye simu ileile.

Nodi ni kompyuta inayoendesha programu ya Bitcoin, ikahakiki miamala na bloku (mafungu ya miamala) kwa kanuni ilizonazo yenyewe, kisha ikazipasha nodi nyingine habari hizo bila seva kuu ya kuzisimamia. Maana ni hiyo tu.

Neno lenyewe limetufikia kupitia Kiingereza, nacho kililitoa katika Kilatini, nodus, yaani fundo. Fundo tulikuwa nalo tangu zamani: fundo la kamba, kifundo cha mguu, na mafundo ambayo mvuvi wa Mikindani huyapitia kwa vidole, moja baada ya jingine, anaposhona wavu uliochanika. Mtandao nao umetokana na kutanda, kama utando wa buibui unavyotanda pembeni mwa dari. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja, kosa la fundi linajitokeza lenyewe, kwa sababu fundo ni sehemu ya wavu, ilhali mvuvi aliyeutega na mama anayekaanga samaki jioni si sehemu ya wavu huo, ingawa wote wanakula kwa ajili yake. Simu ya fundi ina pochi tu, yaani programu ya kutunzia na kutumia Bitcoin, nayo hutegemea nodi za watu wengine kujua salio lake.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hata mafundo yenyewe hayakuhesabiwa yote. Hesabu kama ya Bitnodes, tovuti inayohesabu nodi za Bitcoin, huanza na anwani chache zinazojulikana. Programu ya kuhesabu huzipigia hodi, kwa kawaida kwenye mlango (port) namba 8333, na kuziomba anwani za wenzao, ambazo huja hadi 1,000 katika ujumbe mmoja, kisha huzipigia hodi hizo nazo, na kuendelea hivyo. Inayoitika huhesabiwa, na ndiyo inayoitwa nodi inayofikika. Nodi iliyo nyuma ya ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani au ofisini) isiyoruhusu wito kutoka nje haiitiki, ingawa yenyewe inatoka na kuunganika na wenzake wapatao 10, na inafanya uhakiki uleule. Kuikadiria hiyo kunahitaji njia nyingine, kwa mfano kuweka nodi zako zenye milango wazi na kuhesabu wanaokuja kwako. Upande wa pili, kompyuta moja yenye anwani ya IPv4, ya IPv6 (mifumo miwili ya anwani za intaneti) na ya Tor (mtandao unaoficha mahali mtumiaji alipo) inaweza kuhesabiwa mara tatu. Kwa hiyo idadi inayotangazwa inapunguza huku na kuzidisha kule kwa wakati mmoja, na anayeitaja bila neno "zinazofikika" ameacha nusu ya maana.

Ramani ndiyo dhaifu zaidi. AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, huzigawia kampuni za mawasiliano za Afrika anwani za intaneti, na hifadhidata za mahali hukisia kutokana na usajili huo na dalili nyingine. Nchi hupatikana vizuri kiasi, mji mara nyingi hukosewa. Nikiwa nimekaa Shangani, hapa hapa Mtwara, simu yangu hutajwa kuwa iko Dar es Salaam. Nodi za Tor, ambazo ni sehemu kubwa ya zinazofikika, hazina nchi kabisa, kwa kuwa anwani zao zimeundwa makusudi zisioneshe mahali. Hizo haziwezi kupewa nukta.

Ndiyo maana namwomba fundi, kwa heshima, aisome ramani yake hivi: hizi ni nodi zilizoitika hodi wakati wa hesabu, ukiondoa zisizo na mahali, na kila moja imewekwa pale usajili wa anwani yake unapodokeza. Nani ana Bitcoin Mtwara ni swali jingine, ambalo ramani hiyo haikutengenezwa kulijibu.