Ubongo Wenye Skizofrenia Hubadilikaje Miaka Inavyopita

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na ndugu wa wagonjwa wangu ni kama skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini yasiyo kweli, huendelea kuula ubongo mwaka hadi mwaka mpaka usibaki kitu. Ubongo hubadilika kweli, lakini kwa kiasi kidogo kuliko wanavyohofia. Mabadiliko hayo hayaendi kwa mwendo mmoja, wala si yote yanayotokana na ugonjwa wenyewe.

Hofu hiyo ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 Emil Kraepelin, daktari wa Ujerumani, alifundisha kwamba huu ni ugonjwa unaodhoofisha akili hatua kwa hatua, na mafundisho yake yalishika mizizi kabla hajapatikana mtu wa kuupima ubongo wa mgonjwa aliye hai. Mwaka 1976 Eve Johnstone, Timothy Crow na wenzao wa hospitali ya Northwick Park, London, walitumia CT skani, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili, iliyokuwa ngeni wakati huo, wakaona kwamba vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo vilikuwa vipana zaidi kwa wagonjwa waliougua muda mrefu, dalili kwamba ubongo unaovizunguka ni mdogo. Wengi walidhani Kraepelin amethibitishwa, ingawa picha iliyopigwa mara moja haiwezi kueleza upana huo ulianza lini.

Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti za MRI (picha za ubongo zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku) za watu zaidi ya 18,000 ulikuta kwamba ubongo wa wagonjwa wanaotumia dawa ni mdogo kuliko wa watu wasiougua kwa wastani wa asilimia 2.6. Kinachonivutia zaidi ni takwimu ya pili isiyotajwa sana: nafasi yote iliyomo ndani ya fuvu nayo ilikuwa ndogo kwa asilimia 2.0. Fuvu hukua kwa kuufuata ubongo na hukaribia ukubwa wake kamili utotoni, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo ilikuwapo miaka mingi kabla mgonjwa hajasikia sauti yoyote.

Sehemu nyingine huja baadaye. Mwaka 2003 Christos Pantelis na wenzake wa Melbourne waliripoti juu ya watu waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata saikosisi, yaani hali ya kupoteza uhusiano na uhalisia, wakagundua kwamba waliougua walipoteza tishu ya kijivu, ile yenye seli nyingi za neva, katika baadhi ya maeneo kati ya picha ya kwanza na ya pili. Kwa waliokwisha kuugua, mapitio ya tafiti za muda mrefu yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba ubongo hupungua kwa takriban asilimia 0.5 kwa mwaka, ikilinganishwa na 0.2 kwa watu wasiougua. Huo ni wastani tu, na wapo wagonjwa wengi ambao picha zao huwezi kuzitofautisha na za jirani zao wazima.

Nini hasa hupotea? Si seli za neva kufa kwa wingi, kama ilivyo katika Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Patricia Goldman-Rakic na Lynn Selemon walionyesha mwaka 1995 kwamba katika gamba la mbele la ubongo seli zimesongamana zaidi, dalili kwamba kilichopungua ni matawi na viunganishi vilivyo kati yake. Irwin Feinberg alikuwa ametoa dhana inayolingana na hilo mwaka 1982: katika ujana ubongo huondoa viunganishi vya ziada, kama mkulima apogoavyo mibuni, na huenda kwa wagonjwa hawa upogoaji hupita kiasi. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2016, baada ya jeni la kinga liitwalo C4 kuhusishwa na hatari ya skizofrenia na, kwa majaribio ya panya, na uondoaji wa viunganishi.

Lipo suala la dawa, ambalo sisi madaktari hatupendi kulizungumzia mbele ya wagonjwa, na nadhani tunakosea. Utafiti wa Iowa, Marekani, wa mwaka 2011, uliowafuatilia wagonjwa 211, ulikuta kwamba waliotumia dawa nyingi zaidi walipoteza tishu nyingi zaidi. Mtu angeweza kusema kwamba wanaoumwa sana ndio wanaopewa dawa nyingi, lakini nyani aina ya makaki waliopewa haloperidoli au olanzapini, dawa za skizofrenia, kwa miezi 17 hadi 27, bila kuwa na ugonjwa wowote, nao walikuwa na ubongo mdogo kwa asilimia 8 hadi 11. Hata hivyo, utafiti wa Finland wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wagonjwa wasiotumia dawa kabisa walikufa zaidi kuliko waliozitumia. Ndiyo maana natafuta dozi ndogo kabisa inayomtuliza mgonjwa, wala simwachishi dawa kwa hofu ya picha. Sigara, pombe, bangi na kisukari, ambavyo hupatikana sana kwa wagonjwa hawa, navyo huchangia, na hivyo angalau tunaweza kuvishughulikia.

Kwa wanaotaka kulipia MRI ili wajue ugonjwa umefika wapi, nawashauri watunze fedha zao. Kipimo hicho nakiagiza ninaposhuku uvimbe, jeraha au kifafa, kwa sababu hakithibitishi skizofrenia wala hakitabiri mgonjwa mmoja atakuwaje baada ya miaka kumi.