Udongo unaoonekana dirishani, kutoka Dodoma hadi Babati

Ukipanda basi la asubuhi kutoka Dodoma kwenda Babati, omba siti ya dirishani upande wa kushoto. Jua litakuwa mgongoni mwako likiimulika milima unayoitazama, na rangi zake utaziona zilivyo. Mimi ni mtaalamu wa udongo. Njia hii nimeipita mara nyingi sana, na kati ya Kondoa na Bereku sijawahi kusinzia hata siku moja.

Mwanzoni utaona mawe. Vilima vya Dodoma ni matale, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyopasukapasuka mpaka ikabaki kama mafungu ya mawe yaliyopangwa na mtu. Matale yakioza yanatoa kichanga chepesi cha kijivu au cha rangi ya ngozi ya simba, na ndani yake zinametameta chembe za ulanga. Kichanga hiki hakikai na maji. Mvua ya hapa nayo ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Ndiyo maana pembeni mwa barabara utaona uwele, mtama, karanga na mizabibu, na mahindi yaliyojikunja majani mapema.

Kuanzia Haneti nakuomba uache kutazama vilele, utazame miteremko. Juu udongo ni mwekundu, katikati ni wa njano au kijivu, bondeni ni mweusi tii. Utakutana na mpangilio huo kilima baada ya kilima. Aliyeueleza kwa mara ya kwanza kisayansi ni Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Mwaka 1935 aliupa jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanalisoma neno hilo, na wengi wao hawajui kwamba lilizaliwa kwenye miteremko ya Afrika Mashariki.

Siri yake ni maji na chuma. Juu ya kilima maji hayatuami, hewa inaingia, na chuma kilichomo ardhini kinashika kutu: huo ndio wekundu. Ukishuka kidogo unyevu unakaa muda mrefu zaidi, kutu inageuka ya njano. Bondeni maji yanasimama, hewa haipiti, na udongo mzito wa mfinyanzi uliosombwa kutoka juu unajikusanya. Huo udongo mweusi wa bondeni ndio tunaouita mbuga. Watu hudhani weusi wake ni mboji nyingi. Sivyo, mboji yake ni kidogo tu, ila imeshikamana na mfinyanzi kiasi cha kuupaka wote rangi.

Mbuga hiyo naikumbuka kwa miguu yangu. Inavimba ikilowa na kupasuka ikikauka, kwa hiyo barabara ya udongo ikipita juu yake haidumu. Kabla ya lami, masika moja basi letu lilizama mpaka kwenye ekseli, tukalala humo abiria wote, kina mama wakagawana maandazi na watoto wa watu wasiowajua. Lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Kila basi linapoteleza juu ya mbuga bila kutikisika, mimi nawafikiria mafundi waliouchimba ule mfinyanzi wakaleta moramu mahali pake.

Vituo vidogo vya njiani navyo vina cha kusoma. Basi likipunguza mwendo Chemba, wachuuzi hukimbilia madirishani na karanga, ubuyu, asali kwenye chupa za maji. Vyote hivyo ni vitu vya kichanga na vya pori kavu. Siku ya mnada utakuta mbuzi, mitumba, ndoo za alizeti na moshi wa nyama choma mahali pamoja, na lugha nne au tano zikipishana: Kirangi, Kigogo, Kiburunge, na Kisandawe chenye sauti zake za vidoko vya ulimi.

Halafu unaingia Kondoa, na dirisha zima linakuwa jekundu.

Wageni hutoa simu wapige picha. Ni kuzuri kweli, hasa Aprili alizeti ikiwa imechanua njano juu ya ule wekundu. Lakini nataka ujue unachokitazama. Milima ya Irangi inang'aa hivyo kwa sababu imechunwa ngozi. Udongo wa juu, wenye rutuba, ulishukia mabondeni na kwenye mito ya mchanga, na uliobaki wazi ni ule wa chini wenye kutu. Makorongo mengine yanameza nyumba. Tabaka za udongo uliosombwa zinaonyesha kwamba mmomonyoko ulianza karne nyingi zilizopita, kabla ya mkoloni kufika, ingawa karne ya 20 iliuzidisha.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Lilikuwa jambo zito kwa watu ambao ng'ombe ndiyo benki yao na mahari ya vijana wao. Mzee mmoja niliyekaa naye, nilipomwamkia na kumwambia kazi yangu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Mwanangu, siku ile mama yangu alilia kama kuna msiba. Lakini lile korongo la nyuma ya nyumba, tulilokuwa tunalivuka kwa kamba, leo wajukuu wangu wanakata mabingobingo humo." Yote mawili ni kweli, nami sipendi kusimulia moja bila lingine.

Kolo, kwenye miamba yenye michoro iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, wachoraji wa kale walitumia wekundu huohuo wa chuma. Ukiwa na siku ya ziada, shuka hapo.

Baada ya Bereku barabara inateremka, mandhari inakuwa ya kijani, na kushoto Hanang unajitokeza, mita zaidi ya 3,400, mlima wa volkano. Udongo umebadilika kabisa: kahawia, mzito, mahindi marefu kuliko mtu, miwa ikiuzwa kwa vipande.

Pale stendi ya Babati nachelewa kushuka makusudi. Konda anafagia, na kwenye kizoleo kuna vumbi jekundu la waliopandia Kondoa, kichanga cha Dodoma, na mabonge meusi ya mbuga kutoka kwenye viatu vya mtu fulani aliyetoka shambani.