Makinda ya ndege mla kaa hayaanguliwi Msimbati

Ukiteremka ufukwe wa Msimbati maji yakiwa yamekupwa, utawaona ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Hao ndio wala kaa. Mara nyingi mkubwa hufuatwa na kinda la kijivu linalolialia mpaka limeguliwe kaa. Ndiyo maana wengi huku Mtwara husema ndege hawa wanazaa mikokoni.

Sivyo. Wanazaa kaskazini: Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, kati ya Aprili na Agosti. Tena hawajengi tundu mtini. Huchimba shimo mchangani, lenye urefu unaozidi mita 1, na jike hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia, hivyo wazazi huweza kuliacha wakaenda kutafuta riziki. Hakuna ndege mwingine wa pwani wa jamii ya vitwitwi anayeishi hivi, na kwangu hilo ni ajabu kubwa.

Kinda likishaweza kuruka husafiri na wazazi hadi kwetu, na huendelea kulishwa kwa miezi kadhaa. Unachokiona Msimbati ni malezi, si uzazi. Wachache wasiozaa hubaki mwaka mzima, na hao nao huzidisha utata.

Kwa hiyo tusiwatafutie viota kwenye mikoko. Wanachohitaji hapa ni kaa wa kutosha na fungu la mchanga pa kupumzikia maji yakijaa, bila kufukuzwa na mbwa wala watoto.