Jina Ludwig: mizizi yake na wafalme walioligombea

Ludwig ni jina la kiume la Wafranki, kabila la Kigermaniki lililoiteka nchi ambayo leo ni Ufaransa, na limeundwa kwa mizizi miwili: hlud, yaani mwenye kusikika au mwenye sifa, na wig, yaani vita. Vitabu vya majina huiunganisha mizizi hiyo na kutoa tafsiri ya "shujaa maarufu wa vita", tafsiri ambayo mimi huipokea kwa tahadhari, kwa kuwa Wafranki mara nyingi walichukua mzizi kutoka jina la mzazi na kuuambatanisha na mwingine ili ukoo wa mtoto utambulike, bila kujali kama maneno hayo mawili yanaleta maana moja. Mfalme Clovis, aliyefariki mwaka 511 na ambaye jina lake ni Ludwig katika sura yake ya kale, aliwaita wanawe wawili Chlodomer na Chlothar, majina yanayoanza kwa mzizi ule ule wa jina lake.

Maana ya kila mzizi, hata hivyo, haikupotea. Katika karne ya 9, Ermoldus Nigellus, mshairi aliyekuwa uhamishoni akitafuta msamaha wa Kaisari Ludwig Mcha Mungu, alimtungia utenzi wa Kilatini ambamo alieleza kwamba sehemu ya kwanza ya jina lake ni umashuhuri na ya pili ni Mars, mungu wa vita wa Warumi.

Kaisari huyo hakupewa jina hilo kwa bahati. Ukoo wake ulizoea majina kama Karl na Pippin, na ni babu yake Pippin aliyemng'oa mfalme wa mwisho wa ukoo wa Clovis mwaka 751. Mwaka 778 Charlemagne, mwana wa Pippin na baba wa Kaisari huyo, alipopata mapacha wa kiume, aliwaita Ludwig na Lothar (yaani Clovis na Chlothar), majina ya ukoo ule ule ulioondolewa, na sioni namna ya kulielewa jambo hilo isipokuwa kama dai la urithi halali wa kiti cha enzi. Lothar alifariki angali mchanga. Ludwig akatawala, na Wafaransa huanza kuwahesabu wafalme wao walioitwa Louis, yaani Ludwig kwa Kifaransa, kutoka kwake, si kutoka kwa Clovis.

Sauti ya h ilidondoka, Kilatini kikaandika Ludovicus, Kiitalia Luigi. Jina Ludovick la Kilimanjaro limetokana na Ludovicus kwa njia ya Kanisa, na jina Aloyce limetokana na Aloysius, jina la Kilatini la mtakatifu Luigi Gonzaga, aliyefariki mwaka 1591. Naye Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Mombasa na Rabai, aliandikwa Lewis kitabu chake cha safari kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860.