Kikao cha maelekezo kabla ya misheni: maana yake na kazi yake katika hadithi

Ramani iko ukutani, taa zimepunguzwa, kamanda ameshika fimbo. Wahusika wanasikiliza: wanakwenda wapi, wanamfuata nani, kuna hatari gani njiani. Hicho ndicho kikao cha maelekezo, yaani tukio ambamo wahusika hupangiwa kazi kabla hawajaiendea. Asili yake ni jeshini, lakini tunakikuta pia katika riwaya za kijasusi, filamu za wizi wa benki na gemu.

Kazi yake iliyo wazi ni kutoa taarifa bila msimulizi kuingilia kati. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: kikao humpa mtazamaji kipimo. Akishajua mambo yalivyopangwa, yakienda mrama atashtuka mwenyewe, bila kuambiwa.

Tazama Star Wars, filamu ya vita vya angani ya mwaka 1977. Marubani wanaelezwa kuwa shabaha yao, tundu kwenye ngome ya adui, ina upana wa mita 2 tu. Mmoja anapinga: hata kompyuta haiwezi. Luke, kijana aliyekulia shambani, anajibu kwamba kwao alizoea kuwalenga wanyama wasiozidi sana ukubwa huo. Maneno hayo yanapita haraka, wala hayasisitizwi. Lakini mwishoni, Luke anapozima kompyuta ya kulengea, tunamwamini, kwa sababu mbegu ilishapandwa kikaoni.

Kuna kanuni inayojulikana sana: mpango uliosimuliwa wote huharibika, uliofichwa hufanikiwa. Ina mantiki yake, maana nani atafurahia kuona tena kile alichokwisha kusikia? Ndiyo maana katika filamu za wizi kiongozi husema "Sikilizeni", na papo hapo picha inahamia kwingine.

Kwenye gemu anayeelekezwa ni mchezaji mwenyewe. GoldenEye 007 ya 1997 huyaweka maelekezo kama jalada la kurasa kadhaa, na ukichagua kiwango kigumu zaidi, kazi zinaongezeka. Wachezaji wengi huruka sehemu hii ya gemu, na mara nyingi kosa ni la mtunzi aliyerundika majina ya falme na vita ambavyo mchezaji bado hana sababu ya kuvijali. Machache yanatosha. Askari akiuliza waliotumwa kabla yao wako wapi, na kamanda akakunja ramani bila kujibu, mchezaji ataingia mlango wa kwanza akiwatafuta hao kabla hajamtafuta adui.