Bwawa Likinuka Dawa, Usidhani Imezidi

Msimu wa korosho ukianza, nyumba za wageni za Mtwara na Lindi hujaa, na mabwawa ya kuogelea yaliyokuwa yakichezewa na watoto wawili watatu huanza kupokea waogaji kutwa nzima. Ndipo sisi wa afya mazingira tunapopigiwa simu. Msimu uliopita niliitwa nyumba moja maeneo ya Shangani, Mtwara mjini. Mhudumu wa bwawa ni mzee wa rika la baba yangu. Nilipomwamkia aliitikia harakaharaka, akanivuta mkono: "Marahaba, marahaba. Bwana Afya, njoo ujionee. Jana mchana nimemwaga dawa kopo zima, maji bado kama tui la pili. Na wageni wananilalamikia dawa imezidi, macho yanawawasha."

Nilichota maji kwa kichupa cha kipimo, mkono umezama hadi kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji, nikadondosha matone ya kupima pH, yaani kiwango cha asidi majini: ikipanda, asidi imepungua. Maji mazuri hapo hugeuka rangi ya chungwa iliyoiva. Yale yalikuja kama juisi ya rozela: 8.2 au zaidi, maana kipimo chenyewe kiliishia hapo.

pH ya bwawa inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iliyomo, ndiyo hiyo dawa ya bwawa, ina nguvu ya kuua vijidudu. Ikifika 8.2, haibaki hata robo. Kwa hiyo kopo la mzee lilikuwa limelala majini. Halafu maji yenyewe ni ya kisima, na sehemu kubwa ya mwambao wetu imekalia mawe ya matumbawe. Chokaa inayoota ukoko mweupe kwenye birika ndiyo hiyo hiyo inayoganda bwawani pH ikipanda na kuyafanya maji yawe meupe. Klorini ya unga inayouzwa sana madukani nayo ina kalsiamu, na inapandisha pH. Kila kopo lilizidisha weupe.

Kilichohitajika ni asidi, tena kidogo kidogo, pampu ikizunguka, na kupima tena baada ya saa kadhaa. Kisha filta ya mchanga ioshwe kwa kurudisha maji kinyume, maana geji yake ya presha ilikuwa imepanda na hakuna aliyekuwa akiitazama. Siku ya tatu mzee akanipigia: shilingi mia aliyoitupa upande wa kina anaiona akiwa amesimama ukingoni. Na hicho ni kipimo halali kabisa. Usipoona sakafu ya upande wa kina, funga bwawa, hata kama wageni wamekwisha lipa.

Sasa ile harufu. Hapa ndipo watu hunibishia. Bwawa lenye klorini ya kutosha na maji safi halinuki sana. Kinachonuka na kuwasha macho ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha shikamana na jasho na mkojo. Ukisikia harufu kali, jua kwamba dawa imechoka. Tiba yake ni kuweka klorini mara kumi ya ile iliyoshikamana, kwa mkupuo mmoja, bwawa likiwa halina waogaji. Lakini mtu asipooga kwa sabuni kabla ya kuingia, utarudia kazi hiyo kila Jumatatu.

Weka klorini jua likizama. Mzee aliiweka mchana, na jua la saa saba linaweza kula nusu yake au zaidi ndani ya saa mbili.

Mvua za Desemba hadi Aprili huleta ukijani. Kama kuta zinateleza, huo ni mwani: sugua kwanza, ndipo uweke klorini. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5, hizo ni lita 75,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita unahitaji gramu 115 hivi za unga wa asilimia 65. Siku za kawaida kipimo kikae kati ya 1 na 3. Kwa mwani panda hadi 10, yaani kilo moja na ushei, na mtu asiingie mpaka kishuke. Ila kama maji ya kisima yalikuwa maangavu na yamegeuka rangi ya chai mara tu ulipoweka klorini, hicho ni chuma. Kuongeza dawa hakutakisaidia kitu. Kazi hapo ni ya filta.

Asidi na klorini visikae stoo moja wala visichotwe kwa kikombe kimoja. Vikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu. Na unga ndio unaotiwa kwenye maji. Usimwagie unga maji.

Mtoto akijisaidia majini, toa watu wote. Klorini ya kawaida huua bakteria wengi wa kuhara kwa dakika chache, lakini kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huweza kustahimili klorini ya miligramu 1 kwa lita, kwa zaidi ya siku 10. Ndiyo maana tunawaambia wazazi kwamba mtoto aliyeugua kuhara kwa kimelea hicho asiingie bwawani mpaka wiki mbili zipite tangu kukome.